Dawa ya Dumuzi

Simu ya kwanza ilisema ni meno.

Sellah ndiye aliyeipokea, amechutama uani anachambua kunde, na kelele aliyopiga ilitawanya kuku. Meno! Mjukuu wake wa kwanza, miezi saba tu, anaota meno! Alimrushia mumewe habari kutoka upande ule wa ua: mtoto anatoa udenda mpaka shati linalowa, anaharisha, ana hasira, usiku hakulala. Sasa hayo kama si meno ni nini? Sellah alilea wanne, wote waliharisha wakiota meno, na wote leo ni watu wazima wanaokula nyama.

Mumewe, Wabwile, alikuwa chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yao, hapo nje kidogo ya Kitale, anapiga msasa mguu wa kigoda. Alikuwa mtunza stoo wa shule ya upili mpaka alipostaafu, na tangu hapo useremala alifundishwa na simu. Anaegemeza simu kwenye debe, anatazama video, anasimamisha, anakata ubao, anarudisha video nyuma kuona alipokosea. Majirani walimwita fundi wa simu. Hakujali. Alisema wao wamefundishwa na nani, kwani kuna mtu alizaliwa na randa mkononi?

"Na unajua kingine?" Sellah alikuwa anacheka mpaka machozi. "Derrick anasema ati anaguguna kile kitanda chako kama panya! Anashika ule ubao wa juu, anauma, ananyonya. Ukimtoa analia. Baba Derrick, ulimtengenezea mtoto kitanda ama ulimtengenezea muwa?"

Wabwile naye alicheka. Lazima niseme alicheka, maana ni fundi gani mwanagenzi hafurahii kusikia kazi yake inapendwa hadi inaliwa? Kisha kicheko kikakatika. Msasa ukamtoka mkononi, ukaanguka kwenye vumbi la mbao, naye hakuinama kuuokota.

"Anaguguna ubao gani?" aliuliza.

"Si nimekwambia wa juu. Kwani kitanda kina ubao ngapi?"

Kina mbao nyingi. Na zote Wabwile alizipaka kwa mkono wake, mara tatu.

*

Kosa la Wabwile halikuwa uvivu. Fundi mvivu angemletea yule mtoto kitanda kibovu na mambo yangeishia hapo.

Video ilisema wazi: wewe unayeanza, chagua kazi rahisi. Kigoda, rafu, kitanda cha mtoto. Piga msasa mkavu kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi. Na kitanda cha mtoto usikipake vanishi ya dukani, maana mtoto huuma mbao. Kipake mafuta yanayolika. Wabwile alitii kila neno. Alichukua chupa ya mafuta ya kupikia jikoni kwa Sellah, na Sellah akasema sasa mzee ameanza kukaanga mbao, karibuni atazitia kitunguu.

Shida ilikuwa mbao zenyewe. Zilikuwa za mukima, miti miwili iliyoangushwa kwenye ua wa jirani, na alizikata bado mbichi kwa sababu hakujua kungoja. Wiki ya tatu akaona vitundu, vidogo kama vya sindano, na kwenye kila kitundu unga mweupe unadondoka. Akifuta leo, kesho unga upo tena. Mdudu alikuwa ndani anakula kitanda kutoka katikati.

Na kitanda kilikuwa kinangojwa Bungoma Jumapili. Na haikuwa siri jinsi kilivyoahidiwa. Siku familia mbili zilipokutana kumwona mtoto, Kang'ethe, babake Nyaruai mke wa Derrick, mfanyabiashara wa viazi, mtu wa pikapu na simu mbili, alisema kwa upole tu kwamba angenunua kitanda cha duka, chenye neti na magurudumu. Wabwile akasimama mbele ya sahani za watu. "Mjukuu wangu hatalala kwa kitu ya kiwanda na babu yake ako na mikono." Watu wakapiga makofi. Mtoto alikuwa amepewa jina la marehemu babake Wabwile, Mukhisa. Sasa baada ya neno kama hilo, utapeleka kitanda kinachotoa unga?

Ndipo akakumbuka dawa ya mahindi. Trans-Nzoia nzima inaijua. Mkulima akivuna, anapukuchua, anakausha, anachanganya na ile dawa ya unga ili dumuzi, yule mdudu watu wa huku wanamwita osama, asimalize gunia. Wabwile alikwenda kwa Rosaline wa agroveti, duka la dawa za shamba na mifugo, akapimiwa kiasi kwenye karatasi ya nailoni, bila paketi, bila maandishi, kama watu wote wanavyopimiwa. Rosaline akauliza magunia mangapi. Wabwile akasema mawili, kwa sababu hakutaka kuchekwa ati anatibu kitanda.

Hesabu yake aliifanya mwenyewe, kimya kimya. Dawa hii tunaweka kwa mahindi. Mahindi tunasaga. Unga tunasonga ugali, tunakula, Jumapili tunaenda kanisani wazima. Sasa ikiingia kwa ubao itamdhuru nani? Akamimina yote kwenye mafuta, akakoroga kwa kijiti, akapaka. Unga ukatoka tena. Akapaka mara ya pili. Mara ya tatu wadudu wakanyamaza, na kitanda kikabaki kinang'aa, chenye unyevunyevu wa mafuta ambayo hayakukauka kamwe. Yeye alidhani huko kung'aa ndiyo finishi.

Alikifikisha Bungoma mwenyewe, akakiacha sebuleni. Hakukiona tena. Mila za Wabukusu hazimruhusu mzee kuingia chumba anacholala mwanawe na mkewe, na Wabwile alizishika mila hizo vizuri. Kwa miezi miwili alijua tu kwamba kitanda kipo na mtoto analala.

*

Alikwenda nyuma ya choo kupiga simu, ili Sellah asisikie.

"Derrick. Huyo mtoto, hebu mtoe kwanza kwa kile kitanda."

"Kwa nini, Baba?"

"Mafuta. Naona kama hayakukauka vizuri. Yatamchafulia nguo."

"Miezi miwili, Baba, na bado hayajakauka?"

"Si nimesema umtoe! Mbona unabishana?"

"Hayuko hata kwa kitanda. Yuko mgongoni kwa mamake, hataki kushuka. Baba, uko sawa?"

"Niko sawa. Ni meno tu hayo."

Akakata simu. Basi, akajiambia, ametolewa, imekwisha. Akarudi kibandani akaokota msasa. Akapiga msasa mahali palipokwisha kuwa laini, akaendelea kupiga hapohapo. Aliogopa. Aliogopa mpaka akarudi kule chooni, na safari hii si kwa ajili ya simu.

Saa moja haikuisha. Simu ya pili ilikuwa ya Nyaruai mwenyewe, na hakusema meno.

"Mama, mtoto amelegea! Ametapika, ametapika, sasa amelegea, shingo haishiki! Tuko hospitali. Mama kuja!"

Sellah alijifunga leso, akachukua nyingine ya kumfunikia mtoto, akafunga mlango wa jikoni na moto ukiwa bado unawaka. Wabwile alikuwa anahangaika na vifungo vya shati.

"Baba Derrick, mbona unatetemeka hivyo? Leta nikufunge."

Akamfunga vifungo kama mtoto wa shule. Alikuwa karibu naye kabisa, uso kwa uso. Wabwile akafungua mdomo. Neno lilikuwa hapo kwenye meno. Langoni jirani akapaza sauti, "Mnaenda wapi na haraka hivyo, kuna heri?" na Sellah akageuka kumjibu, na neno likarudi tumboni. Walipopita Kimilili lilikuwa bado liko huko.

*

Kang'ethe alikuwa ametangulia. Alikuwa Bungoma tangu alfajiri kushusha viazi, na pikapu yake ilisimama nje ya wodi ya watoto na matope yake. Alimpa Wabwile mkono, kisha akasema kile kitu ambacho Wabwile angependa apigwe kofi badala ya kukisikia.

"Pole, mwenzangu. Huyu mtoto ni wetu sisi wawili."

Mlango wa chumba cha matibabu ulikuwa wazi nusu. Ndani Nyaruai alikuwa amekaa kwenye kiti na kifua wazi, anajaribu kumnyonyesha mtoto asiyeshika ziwa. Wabwile akageuza mgongo mara moja, akatazama ukuta, jinsi baba mkwe anavyopaswa. Kwa hiyo yote yaliyofuata aliyasikia tu.

Alimsikia daktari, mwanamke kijana mwenye sauti kavu. "Malaria hana. Nimepima mara mbili. Mama, nani amekwambia haya ni meno?"

"Watu wote," Nyaruai akasema.

"Hebu shika kichwa hapa. Angalia hizi mboni za macho. Zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Jasho. Mate hayakatiki. Kifua kinakoroma. Nyumbani mnatumia dawa gani? Ya panya? Ya mende? Ya kupulizia sukuma?"

"Hakuna, daktari."

"Fikiria vizuri."

"Haki hakuna."

"Mama, huyu mtoto ameingiwa na sumu. Hajaanza hata kutambaa. Sumu haikumfuata kwa miguu. Nani hubaki naye ukitoka?"

"Hakuna. Nabaki naye mimi. Kila siku ni mimi."

Muuguzi akapita na bakuli, akaguna guno lile la watu waliokwisha kutoa hukumu. Sellah, pale mlangoni, akageuza uso pembeni, akanong'ona, lakini mnong'ono wa Sellah unasikika hadi sokoni: "Wasichana wa siku hizi. Dawa ya mende wanaweka hata kwa vikombe."

"Mama Mukhisa," Derrick akamuuliza mkewe, polepole. "Ile ya mende ulisema utanunua. Ulinunua?"

"Derrick! Hata wewe?"

"Nauliza tu."

"Sikununua! Ngai, sikununua!"

Kang'ethe alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi, na macho yake yalikuwa kwa binti yake, naye pia, Mungu amsamehe, alikuwa anajiuliza.

Nisimfiche Wabwile. Pale ukutani alikuwa na hofu mbili. Moja ilikuwa mtoto kufa. Ya pili ilikuwa Kang'ethe kujua. Na kwa dakika nzima, labda zaidi, hofu hizo mbili zilipimana nguvu, na hakuna iliyoishinda nyingine. Alijiambia daktari atagundua mwenyewe, kwani hakusoma? Alijiambia labda si dawa ile. Alijiambia kila kitu ambacho mtu mwoga hujiambia. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema hivyo kwa wepesi sana tukiwa wazima, lakini maradhi haya yalikuwa ya mtoto na mfichaji alikuwa mtu mwingine.

Kisha akasikia sauti ya Nyaruai imebadilika. Imekuwa ndogo.

"Labda ni mimi," alikuwa anasema. "Labda chupa sikuosha vizuri. Kulikuwa na sabuni… niliweka sabuni ya kufulia karibu na maji yake. Ama ile mikono, nilikuwa nimeshika mafuta ya taa. Daktari, labda ni mimi nimemuua."

Alikuwa anatafuta kosa. Alilitafuta nyumba nzima, rafu kwa rafu, alitaka tu kupata moja la kukiri ili mtoto atibiwe.

"Ni mimi," Wabwile akauambia ule ukuta.

Hakuna aliyesikia.

Basi akageuka. Akaingia chumba kile, mbele ya mke wa mwanawe na kifua chake wazi, kitu ambacho babake, yule Mukhisa mkubwa, asingefanya hata nyumba ikiwaka moto. Sellah akamshika shati, "Wee! Unaenda wapi, huoni?" Wabwile akaliacha shati likachanika bega.

"Daktari, ni mimi. Nilipaka kitanda dawa ya mahindi. Ile ya osama. Nilichanganya na mafuta, nikapaka mara tatu. Na yeye anakiuma. Anakiuma kila siku."

*

Daktari hakumgombeza. Ingekuwa nafuu. Alimtazama kama mtu anayetazama saa.

"Inaitwa nini?"

"Sijui. Nilipimiwa."

"Mzee, zipo za aina nyingi. Nataka jina. Nampigia nani?"

Wabwile alimpigia Rosaline, simu ikiwa kwenye spika, watu wote wanasikia. Rosaline kwanza alikana. Ati hakumbuki kumuuzia, ati yeye hapimi dawa, ni kinyume cha sheria. "Rosaline," Wabwile akasema, "hakuna polisi hapa. Kuna mtoto. Nakuomba kama mama. Soma lile kopo." Vikasikika viatu vyake vinakwenda na kurudi, na Rosaline akasoma maandishi madogo ya ubavuni, neno gumu kwa neno gumu, huku sauti inamtetemeka. Daktari akaandika mkononi mwake kwa kalamu, hakungoja karatasi.

"Niliuliza magunia ngapi," Rosaline alikuwa analia. "Si nilikuuliza magunia ngapi?"

Wakaleta sindano. Wakamvua mtoto nguo zote, wakamwosha kwa sabuni kichwa hadi kidole, na nguo zile wakazifunga kwenye mfuko. Daktari alichoma, akatazama macho, akangoja, akachoma tena. Wote walifukuzwa nje isipokuwa mama.

Kwenye baraza Sellah ndiye aliyeanza.

"Na mahindi si tunangoja?" alimwuliza mumewe, kwa sauti ya chini ambayo Wabwile hakuwahi kuisikia katika miaka thelathini na mitatu ya ndoa. "Si tunangoja miezi? Si tunapeta, tunaosha, tunaanika tena kabla ya kupeleka kwa posho mill? Nani hufanya hiyo kazi kila mwaka, Baba Derrick? Ungeniuliza. Ungeniuliza tu, nikiwa hapo uani nachambua mboga."

Derrick alisimama mbele ya babake, ngumi zimekaza, kifua kinapanda na kushuka. Mtoto wa Mbukusu hampigi babake. Derrick aliugeukia ukuta uleule, akaegemeza paji la uso, akakaa hivyo.

"Uliniambia ni meno," alisema, bila kugeuka. "Asubuhi. Ulikuwa unajua, na ukaniambia ni meno."

Wabwile akamgeukia Kang'ethe. Alikuwa tayari kwa lolote. Kang'ethe akavaa kofia yake, akatembea mpaka kwenye pikapu, akasimama huko peke yake.

Saa tisa daktari alitoka, akasema mate yamepungua, kifua kimeanza kufunguka, lakini wasishangilie, bado. Nyuma yake alikuja Nyaruai. Alikuwa amejifunika leso, macho yamevimba. Tangu aolewe hakuwahi kumtazama baba mkwe usoni, alikuwa anainamisha kichwa, anasema "ndiyo, Baba." Sasa alimtazama.

"Baba. Na Mama Ian?"

Wabwile akatoa simu yake mfukoni.

Nyaruai alikuwa amepiga kile kitanda picha, akakiweka kwenye WhatsApp, kwa fahari, kazi ya baba mkwe wangu. Everlyne wa Saboti, ambaye walisoma darasa moja, akakipenda, akaagiza kama hicho kwa mtoto wake Ian. Wabwile alikitengeneza kwa mbao zilezile zilizobaki. Na mafuta yaleyale yaliyobaki.

"Nimepiga simu yake," Nyaruai akasema. "Haipatikani. Nimepiga mara saba. Enda, Baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwamuru. Wabwile akaitikia, "Ndiyo, mama."

*

Kang'ethe alikuwa amesikia, amekwisha washa injini. Hakusema panda. Alifungua tu mlango kutoka ndani.

Walipita Chwele, wakapita Kimilili. Viazi vilivyobaki vilikuwa vinabingirika nyuma kila kona. Wabwile alipiga ile namba, akapiga, mpaka chaji ya simu ikabaki kidogo akaacha. Alikuwa anamwona mtoto wa watu, mtoto ambaye hakuwahi kumwona, amelala kimya na shingo yake haishiki, na mamake jikoni anamshukuru Mungu kwamba leo hasumbui. Akajaribu kusali. Sala haikupita mstari wa kwanza.

Karibu na Kiminini simu ya Kang'ethe ililia. Akaegesha kando ya barabara, akaipokea kwa Kikuyu, akasikiliza muda mrefu. Wabwile hakujua lugha. Alimtazama mdomo tu, akimsubiri amuue.

"Amenyonya," Kang'ethe akasema.

Wabwile akafunika uso.

"Amenyonya na amefungua macho. Daktari amesema alale huko siku tatu." Kang'ethe akashika usukani bila kuendesha. "Mimi ningenunua ile ya duka," akasema, "na wewe ungenichukia mpaka kaburini. Nilikuacha kwa sababu nilitaka amani. Kumbe hata mimi niliogopa." Kisha akaingiza gia. "Bado mmoja."

Saboti walifika jua likiwa bado liko juu ya Mlima Elgon. Everlyne alikuwa anakusanya mahindi aliyoanika kwenye turubai. Alipomwona Wabwile anashuka, uso wake ulibadilika, akaacha ufagio.

"Fundi! Karibu… Mbona hukusema unakuja? Stima imepotea tangu jana, simu imezima."

"Mtoto yuko wapi?"

"Ian? Amelala."

"Amelala wapi?"

"Ndani. Fundi, karibu chai kwanza."

"Ndani wapi, mama? Kwa kitanda? Amelala kwa kitanda?"

Everlyne alitazama chini. Akasokota ncha ya leso yake. Aliona aibu, na Wabwile hakuelewa aibu hiyo ni ya nini.

"Usikasirike, fundi," alisema. "Kuja nikuonyeshe."

Akawapeleka nyuma ya nyumba. Kitanda kilikuwa kwenye banda la kuku, kimelala kwa upande, kimejaa vinyesi na majani makavu.

"Haki usikasirike. Kilikuwa kinanuka. Na kilikuwa kinashika nguo za mtoto mafuta, nimefua mpaka nimechoka. Tena kinainama upande mmoja. Baba Ian alisema hiyo ni kazi ya mtu ambaye bado anajifunza, mtoto hatalala hapo hata usiku mmoja. Nilionea Nyaruai haya, sikumwambia. Nikasema wacha kuku watagie. Lakini hata kuku… wiki ile nyingine nilipoteza tatu. Nilisema ni kideri."

Wabwile alikaa chini, pale pale kwenye mavi ya kuku, na suruali yake ya kwendea mji. Alianza kulia kwa sauti.

"Woi, fundi!" Everlyne akashtuka. "Usilie bana! Si kibaya hivyo. Si unaweza kukirekebisha?"

"Asante," Wabwile alisema. "Asante, mama. Asante kwa kukikataa. Mwambie Baba Ian nimesema asante."

Everlyne akamtazama Kang'ethe, akitafuta mtu mwenye akili timamu. Kang'ethe alimwacha mwenye neno aseme neno lake, na Wabwile akalisema, safari hii bila kuulizwa: dawa gani, kiasi gani, alipaka mara ngapi, na mjukuu wake yuko wapi saa hii. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye jina la dawa, alilitamka lote, neno gumu kwa neno gumu, kama alivyomsikia Rosaline.

Everlyne hakungoja mwisho. Alikimbia ndani, viatu vikabaki uani, akarudi amembeba Ian kwa kwapa, anamkagua macho, anamkagua mdomo, anamtikisa. Mtoto, aliyekuwa amelala usingizi wake mzuri wa jioni, aliamka na hasira zote za duniani. Alikunja uso, akavuta pumzi, akapasua ukelele uliofika barabarani.

"Shhh, shhh, baba, pole," Everlyne alianza kumbembeleza.

"Tafadhali, mama," Wabwile akasema kutoka pale chini. "Usimnyamazishe kwanza."